Ilimba ya Baba Nateete

Kuanzia Dodoma mpaka Kampala nilisafiri nikiwa nimeipakata ilimba ya baba, kwa sababu kondakta wa basi la kwanza aliniambia mizigo ya tumboni mwa basi hupigana yenyewe kwa yenyewe. Ilimba ni sanduku la mti linaloenea mapajani, limechongwa ndani likabaki wazi, na juu yake vimepangwa vyuma vyembamba unavyovibonyeza kwa vidole gumba. Wengine huiita marimba. Kwetu Ugogo karibu kila kitongoji kina mwenye nayo, na kila mwenye nayo huitengeneza sauti kwa sikio lake: anasukuma chuma ndani au anakivuta nje, anabandika tonge la nta ya nyuki chini ya ncha, anasikiliza, anabandua tena.

Singida nilikuwa macho. Kahama nilisinzia. Kati ya Biharamulo na Bukoba tulipita kwenye barabara iliyokuwa ikitengenezwa, basi likatutikisa mpaka mama mmoja akaanza kusali kwa sauti. Niliamka nikiwa nimeikumbatia ilimba, nayo ikilia yenyewe tumboni kwangu.

Mutukula, mpakani, tuliteremshwa na mizigo yetu.

"Hii ndiyo nini?" afisa aliniuliza.

"Ilimba, afande."

"Inalipuka?"

"Hailipuki. Inaimba."

"Basi iimbe tuisikie. Ukishindwa kuipiga, umeiiba."

Foleni nzima ikacheka. Nikapiga wimbo ambao baba alikuwa akiupiga asubuhi kabla ya kwenda shamba. Nilipofika mstari wa pili nikasikia kitu kimekaa vibaya. Nikaendelea kupiga, maana ningefanyaje, na kadiri nilivyoendelea ndivyo nilivyozidi kutoelewa vidole vyangu vinafanya nini. Afisa akatikisa kichwa kwa kuridhika. Foleni ikapiga makofi. Pale mpakani mimi peke yangu nilijua kwamba sauti ile siyo, lakini mtu angeniambia nimwonyeshe chuma kilichohama, nisingeweza.

Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Alikuwa amepiga ilimba ile kwenye harusi na misiba ya watu wote wa kwetu, na kikao cha familia kikaamua kwamba siku ya kujengea kaburi lake, ilimba hiyohiyo ilie pale, na niipige mimi, kitinda mimba, kwa kuwa ni mimi peke yangu aliyenifundisha. Ajabu ni kwamba waliikabidhi kwa mtu asiyekaa mahali. Nilimaliza kidato cha nne nikaenda Mererani, nikaenda Geita, nikauza mitumba Mpanda. Kila nilipokaa nilikuwa nakumbuka nilikotoka, mpaka nahama tena, na huko niendako nikaanza kukumbuka pale nilipohama. Nimevuka arobaini bado niko hivyo. Kampala niliitwa na rafiki wa Geita aliyesema kazi zipo. Nilipofika, alikuwa amekwishaondoka kwenda Juba.

Basi lilikwama kwenye foleni ya magari Nateete, kabla ya kufika mjini. Dirisha lilikuwa wazi, nikasikia mtu anagonga mti. Haukuwa ugongaji wa seremala. Alikuwa anagonga mara moja, ananyamaza, kisha anagonga tena, kama anayebisha hodi kwenye nyumba asiyoijua. Nilichukua begi na ilimba, nikateremka palepale. Mpaka leo sijui niliteremka kwa sababu ya ule mlio au kwa sababu nilichoka kukaa.

Nyuma ya maduka ya vipuri palikuwa na kibanda cha mabati. Mwanamume mnene aliyeanza kuota mvi alikuwa amepiga magoti mbele ya kibao cha mti, anakinyoa tumboni kwa tezo. Kwenye kona mwingine, mwembamba, alikuwa anakwangua ngozi ya ng'ombe.

"Wewe natafuta nani?" aliuliza yule mnene.

"Natafuta kazi, mzee."

"Natoka wapi?"

"Tanzania."

"Ah! Kiswahili ya kitabu imefika!" Akamgeukia mwenzake. "Papa, sasa tutakuwa tunaongea kama redio."

Mzee alikuwa Muganda. Kiswahili chake alikipata ujanani, alipokuwa anapiga tarumbeta kwenye bendi ya askari kule Naguru, na hakuwa na haja ya kukinyoosha. Papa alikuwa Mkongo, mkimbizi kutoka upande wa Uvira, na Jumapili alipiga gitaa la kwaya kwenye kanisa lao. Nilipewa kazi ya kupasua magogo, kubeba migomba na kupeleka mizigo mjini. Siku hiyohiyo mzee aliichukua ilimba mikononi mwangu, akabonyeza vyuma vyake kimoja kimoja, uso umekunjamana kama amekunywa maziwa yaliyoharibika.

"Bambi," alisema, kama anayesema maskini. "Hii kitu iko mgonjwa."

"Imetikisika njiani tu, mzee."

"Mimi nitaponyesha."

"Asante, mzee, lakini nitaitengeneza mwenyewe. Najua ilivyokuwa."

Nilisema hivyo bila wasiwasi wowote.

Kazi kubwa ya kibanda ilikuwa amadinda. Ni vibao vya mti mgumu vinavyolazwa juu ya vigogo viwili vya mgomba, na katikati yake huchomekwa vijiti ili vibao visigusane. Mgomba ukioza unakata mwingine, vibao vinabaki vilevile. Wapigaji wawili hukaa wakitazamana, wakipiga vibao hivyohivyo kwa fimbo, mmoja huku, mwingine kule. Wa kwanza anaanza. Wa pili anaingia kwenye mapengo ya wa kwanza, na wote wanakwenda kasi mpaka huwezi kuona pengo liko wapi. Mzee alikuwa hauzi amadinda kabla haijapigwa na watu wawili, na kwa kuwa Papa alikuwa na mikono yenye chumvi ya ngozi, mara nyingi wa pili nilikuwa mimi.

"Piga yako," aliniambia.

"Mwanzo uko wapi, mzee?"

"Mwanzo iko kwa wewe."

"Na wewe?"

"Kwa mimi pia iko mwanzo."

"Mianzo miwili?"

"Banange! Huyu mtu alisoma mpaka wapi?"

"Kidato cha nne."

"Ndiyo maana."

Nilikuwa nikimsikiliza yeye, napotea. Nikijisikiliza mwenyewe, naenda sawa kwa muda, kisha ghafla naona kama mimi ndiye niliyeanza na yeye ndiye anayenifuata, nashtuka, napotea tena. Jambo lililonichanganya zaidi lilitoka nje ya kibanda. Mama aliyeuza mkaa jirani alikuwa anaimba tukipiga. Alikuwa na maneno ya Kiganda kabisa, na sauti yake ilikuwa inapanda na kushuka kwa njia ambayo mikono yangu haikupita. Niliitazama mikono ya mzee, nayo haikupita huko.

"Anaimba nini yule?" nilimuuliza Papa.

"Anaimba ile munapiga."

"Mimi sipigi hivyo. Mzee naye hapigi hivyo."

"Ee."

"Sasa nani anapiga?"

Papa aliendelea kukwangua ngozi. "Mimi nilikuwaka najiuliza vile mwaka muzima," alisema. "Kisha nikaacha. Fanya kazi, ndugu."

Mara moja kwa juma nilipanda boda na mizigo mpaka Nakasero, kwenye duka la mapambo karibu na hoteli kubwa. Mwenye duka alikuwa ametundika ala za dunia nzima kwenye ukuta mmoja: ngoma za Buganda, ngoma za Afrika Magharibi zenye kiuno chembamba, filimbi za mianzi, vinubi vya adungu vya watu wa kaskazini, na sitari kuukuu ya Kihindi ambayo hakuna aliyejua ilifikaje. Ngoma za kiuno zilikuwa zetu. Papa alizitengeneza kwa kutazama picha kwenye simu. Wageni walikuwa wanapita wakigusa kila kitu, huku kidole kwenye uzi, kule kofi kwenye ngozi, yote kwa pamoja. Mwenye duka aliagiza vinubi vyote vifungwe nyuzi kwa sauti za kinanda cha kanisani, ili mgeni akijaribu apate wimbo anaoujua. Mzee alitii, lakini akimaliza kufunga kinubi kimoja alikuwa anatoka nje, anasimama barabarani kwenye kelele za magari, ndipo anarudi kwenye amadinda.

"Unafanya nini huko nje, mzee?"

"Naosha sikio. Nilikuwa nafanya hivyo nikitoka Naguru. Tarumbeta na amadinda ni wake wawili. Huwezi toka kwa moja uingie kwa mwingine bila kuoga."

Nilicheka. Ningeyatia maanani maneno yale, pengine mambo yangekwenda vingine, au pengine yasingebadilika.

Nilikuwa nimepanga chumba kwa mjane mmoja Mnubi, tuliyemwita Hajati. Jioni, kabla ya adhana ya magharibi, nilikaa kitandani na ilimba nikijaribu kuirudisha ilivyokuwa. Nilianza na chuma cha katikati, kwa sababu baba alikuwa anaanza hapo. Nikikipata, naenda cha pili. Nikifika cha nne, cha kwanza kinaonekana kimekosea. Mchana nilikuwa nimesikia amadinda, ambayo hatua za sauti zake ni kama ngazi ya mtu mwangalifu, zote zinalingana. Nilikuwa nimesikia pia vinubi vya kinanda. Ilimba ya baba haikuwa hivi wala vile. Ilikuwa na hatua moja pana na nyingine nyembamba, hilo nilikumbuka vizuri. Ila ipi ni ipi? Nilikuwa nikiuimba wimbo wa asubuhi kwa mdomo, na mdomo nao ulikuwa unanipeleka nusu njia kisha unaniacha.

Utando nao ulikuwa umetoboka. Sandukuni kuna tundu dogo linalozibwa na ngozi ya kifuko cha mayai ya buibui, nyeupe kama karatasi laini, na ndiyo inayoipa ilimba ule mkwaruzo wake. Bila huo, ni mlio mtupu. Basi siku moja Hajati alinikuta nimepanda kwenye ndoo nachungulia pembe za dari.

"Wewe mtu wa Tanzania, unataka nini kwa ukuta yangu?"

"Natafuta buibui, Hajati."

"Ya Allah! Nafagia buibui tangu nazaliwa, leo napata mpangaji anawatafuta!"

Nilimweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, mkono kiunoni, ufagio begani.

"Na huyo baba yako, alikuwa anawafuga?"

"Walikuwa wanakuja wenyewe."

Tangu siku hiyo hakufagia pembe moja ya ukumbi. "Ile ni kona yako," alisema. "Wakizaana, utahama nao." Walikuja kweli, nikapata utando, nikaubandika kwa mate na nta. Mkwaruzo ukarudi. Lakini ulikuwa mkwaruzo wa baba juu ya sauti zisizokuwa zake, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi.

Nikaacha kuigusa. Niliipeleka kibandani, nikaitundika kwenye msumari ili angalau iwe mbele ya macho yangu.

Siku moja nilirudi kutoka Nakasero nikamkuta mzee amekaa nayo mapajani, koleo ndogo na donge la nta pembeni yake, amejawa na furaha kama mwenye habari njema. Papa alikuwa ameinamia ngozi yake kuliko kawaida.

"Munnange, rafiki yangu, njoo," alisema mzee. "Mgonjwa amepona. Piga."

Niliipokea. Nikabonyeza chuma cha katikati, nikabonyeza cha jirani, cha jirani yake. Vyote vilikuwa vimenyooka. Hatua zote zinalingana, kama amadinda. Alikuwa amekaa nayo mchana kutwa, akilinganisha kila chuma na kibao chake, na hakukuwa na hila yoyote ndani yake. Kwake yeye kitu kilichotundikwa kwenye kibanda chake kikiwa kimepinda sauti kilikuwa aibu, kama mgeni aliyelala njaa nyumbani kwake.

Nilitaka kukasirika. Nilipiga wimbo wa asubuhi ili nimwonyeshe alichoharibu, na wimbo ukatoka mzuri. Nasema ukweli, ulikuwa mzuri kuliko nilivyowahi kuupiga. Mama wa mkaa alichungulia. Nilipiga mpaka mwisho, nikarudia, na katikati ya kurudia nikatambua kwamba sikumbuki tena ulivyokuwa kabla.

"Webale, mzee," nilimwambia. Asante.

Baadaye nilimuuliza Papa kama anaona ni sawa.

"Sawa ya nani?" alijibu. "Mimi niliona anafanya. Nilisema, mzee, hii kitu iko na mwenyewe. Akasema mwenyewe ameshindwa. Sasa mimi nitasema nini? Ulikuwa umeshindwa, ndugu."

Majuma yaliyofuata niliipiga kila jioni. Nilijua siyo, na niliipenda. Nilikuwa najiambia kesho nitaivunja hii sauti nianze upya, na kesho ikifika najiambia labda ndiyo yenyewe, labda baba alikuwa karibu na hapa, nani ajuaye.

Ndipo dada yangu mkubwa akanipigia simu.

"Kaburi tunalijengea baada ya mavuno," alisema. "Ilimba ikoje?"

"Ipo, dada."

"Sijakuuliza kama ipo."

Nikaweka simu kitandani, nikampigia wimbo. Nilipomaliza niliichukua tena simu.

"Dada?"

"Hiyo ni redio?"

"Ni ilimba."

"Ya nani?"

"Ya baba!"

"Mdogo wangu, usinitanie na msiba."

Nilimwomba aimbe yeye, nitafute vyuma kwa kumfuata. Akaimba, mara ya kwanza huku anacheka, mara ya pili kwa dhati. Nilisogeza kichwa huku na huku, nikamwambia anaimba juu mno, mwisho wa mstari hauendi vile.

"Siimbi juu," alisema. "Wewe ndiye unakumbuka chini. Kwani umesahau? Baba hakuitengeneza peke yake. Mama alikuwa anaimba kwanza, yuko jikoni, naye baba anasogeza vyuma mpaka vinamfikia."

Nilimkumbuka mama jikoni, moshi unatoka chini ya paa, anaimba, na baba kwenye kigoda nje. Nilikuwa nimeikumbuka picha hiyo Mererani, Geita, Mpanda, kila nilikokwenda. Siku zote nilidhani mama ndiye anayeifuata ilimba.

"Mama bado anaimba?" niliuliza.

"Anaimba akipepeta. Sauti imeshuka, inakatika katikati. Njoo kabla haijaisha."

Niliamua kuondoka Kampala moja kwa moja. Nimewahi kuondoka sehemu nyingi kwa sababu ya kuchoka au kwa sababu ya kukumbuka, lakini hii ilikuwa mara ya kwanza kuondoka kwa sababu kitu kilikuwa kinakwisha mahali pengine.

Asubuhi ya safari nilipita kibandani kuaga. Mzee alikuwa amekwishakata migomba mibichi, amelaza vibao, ameketi upande wake.

"Kaa," alisema. "Leo chukua ya kwako, si fimbo."

Nilikaa mbele yake na ilimba. Akaanza, polepole kwanza, nami nikaingia kwenye mapengo yake kwa vidole gumba. Ilikaa. Kila chuma kilipata kibao chake. Papa aliacha ngozi akaanza kupiga debe, mama wa mkaa akaimba, na kwa mara ya kwanza tangu nifike sikuuliza mwanzo uko wapi. Sijui tulipiga kwa muda gani. Tulipoacha, mzee alikuwa anatoka jasho na kucheka.

"Unaona? Iko nyumbani. Acha hapa, kama wewe nakwenda. Huko watakuharibia."

Nilijua kwamba nikipanda basi na sauti ile nitaipiga njia nzima, Masaka, Bukoba, Kahama, nitafika kwa mama masikio yamejaa, na yeye akiimba nitamsikia amekosea. Niliogopa hilo kuliko kitu chochote. Wakati huohuo nilikuwa naiona asubuhi ile ilivyokuwa tamu, na nikawa sina hakika kama ninachokifuata kipo.

Nikaigeuza ilimba, nikaanza kubandua nta. Kisha nikavuta vyuma, kimoja baada ya kingine, vikalegea, vikaanza kugongana ovyo.

Papa akasema, "Ee, ndugu."

Mzee alisimama. Nilidhani atanipokonya.

"Unaua," alisema.

"Sijui, mzee."

"Nilifanya mchana mzima, kwa hii mikono."

"Najua, mzee. Ilikuwa nzuri."

"Sasa kwa nini?"

Nilimwambia kuhusu mama jikoni. Nilimwambia vibaya, kwa kurudia na kuruka, kwa sababu mimi mwenyewe sikuwa nimeielewa vizuri. Alisikiliza akiwa amegeukia barabara. Pikipiki ya boda niliyoiita ilikuwa imefika, dereva anapiga honi.

Mzee aliichukua ilimba. Akapitisha kidole juu ya vyuma, vikatoa mlio wa vijiko kwenye beseni. Alikunja uso kama siku ile ya kwanza, akarudia kupitisha kidole, taratibu zaidi, akasimama kwenye kimoja cha pembeni. Kile kililia safi, kimenyooka, kama alivyokiacha.

"Hii umesahau," alisema.

Akachukua koleo yake, akakilegeza mwenyewe, akakijaribu mpaka kikakosa sauti kabisa. Kisha akanirudishia ilimba bila kunitazama, akapiga magoti mbele ya vibao vyake. Nikapanda boda.